Somo la Afya: Nguvu za Misuli Katika Uzee

Somo letu safari hii ni juu ya misuli ya mwili, yaani zile nyama zinazovuta mifupa na kutuwezesha kusimama, kutembea, kuinama na kubeba. Limeandikwa kwanza kwa ajili ya wazee wetu waliotimiza miaka 60 na zaidi. Lakini watu wa makamo na vijana walisome pia, maana uzee wa misuli huanza mapema kuliko mvi. Tena mengi yanayowapata wazee hutokana na jinsi sisi watoto na wajukuu wao tunavyowatendea nyumbani.

Yafaa lisomwe polepole, na ikiwezekana katika kikundi. Mwishoni yako maswali ya kuzungumzia pamoja.

1. Jambo lenyewe ni nini?

Mtu akiulizwa wazee wanasumbuliwa na nini, hutaja shinikizo la damu, kisukari, macho na mgongo. Yote hayo ni kweli. Lakini iko hofu nyingine ambayo wazee wengi hawaisemi mbele za watu kwa sababu ya aibu. Ni hofu ya kushindwa kwenda chooni peke yao.

Nyumba zetu nyingi zina choo cha kuchuchumaa. Kuchuchumaa na kuinuka kwataka nguvu za mapaja na makalio kupita karibu kazi nyingine zote za nyumbani. Mzee awezaye kufanya hivyo bila kushikwa mkono ana uhuru wake. Akishindwa, hata kama akili yake ni nzima na moyo wake ni mzima, maisha yake huanza kuwa madogo. Hupunguza maji ya kunywa ili asiende chooni mara nyingi. Huacha kusafiri kwenda kwenye arusi na misiba, maana hajui choo cha huko kikoje. Mwisho huacha hata kuja kanisani, nasi twasema, "Bibi siku hizi amechoka." Kumbe bibi hakuchoka, ni miguu iliyomfungia nyumbani.

Basi tunaposema nguvu za misuli hatuzungumzi habari za vifua vya mabondia. Twazungumza habari za choo, kitanda, ngazi ya basi, ndoo ya maji, na kupiga magoti na kuinuka tena.

2. Misuli hufanyaje kazi, na hupunguaje?

Mwili wa mtu una misuli zaidi ya 600. Kila msuli ni fungu la nyuzi nyembamba, mfano wa kamba iliyosokotwa kwa katani. Nyuzi hizo ni za namna mbili kubwa. Za kwanza hufanya kazi polepole wala hazichoki upesi. Hizo ndizo tunazotumia kusimama muda mrefu na kutembea mwendo wa kawaida. Za pili hutoa nguvu nyingi kwa mara moja, lakini huchoka upesi. Hizo hutumika kuinuka, kuruka mfereji, na kuutupa mguu mbele haraka unapojikwaa ili usianguke.

Kadiri miaka inavyozidi, nyuzi za namna ya pili ndizo zinazosinyaa zaidi. Pamoja na hayo, mishipa ya fahamu inayoleta amri kutoka uti wa mgongo hupungua, na uzi uliokosa amri hauwezi kufanya kazi. Ndiyo sababu twaweza kumwona mzee akitembea kutoka Majengo hadi Chang'ombe bila kuhema, na siku hiyo hiyo akajikwaa kwenye jiwe dogo na kuanguka. Nguvu za mwendo anazo. Nguvu za ghafula ndizo zilizomtoka.

Wataalamu hukadiria kwamba baada ya umri wa miaka 30 mtu hupoteza asilimia 3 hadi 8 ya misuli yake kila miaka kumi, na kwamba baada ya miaka 60 upungufu huo huenda kwa kasi zaidi. Zamani hali hiyo iliitwa uzee tu. Mwaka 1989 mtaalamu wa lishe wa Marekani, Irwin Rosenberg, alipendekeza ipewe jina lake, akaiita sarkopenia, neno lililotokana na Kigiriki lenye maana ya upungufu wa nyama za mwili. Jina lilisaidia, maana kitu chenye jina huchunguzwa na kutafutiwa dawa.

Hasara yake ni kubwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na wengi wao ni wazee. Tena misuli ni ghala la sukari. Baada ya kula, sehemu kubwa ya sukari iliyomo katika damu huingia kwenye misuli. Ghala likiwa dogo, sukari hubaki katika damu. Kwa hiyo mwenye kisukari ana sababu mbili za kutunza misuli yake.

3. Je, ni umri peke yake?

Hapa ndipo palipo na habari njema ya somo hili. Umri hupunguza misuli, ndiyo, lakini kukosa kazi huipunguza upesi zaidi.

Mwaka 2007 madaktari wa Marekani walitangaza matokeo ya jaribio lao juu ya wazee 12 wenye afya, ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 67. Waliwaweka kitandani siku 10. Hawakuwa wagonjwa, walikuwa wamelala tu. Kwa siku hizo 10, kila mmoja kwa wastani alipoteza karibu kilo moja ya nyama za miguu. Fikirini basi juu ya mzee wetu anayelazwa kwa malaria au homa ya mapafu, kisha akirudi nyumbani akalazwa mwezi mwingine kwa kuhurumiwa.

Lakini sikieni na la pili. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake walitangaza habari za wazee 10 wa nyumba moja ya kutunzia wazee mjini Boston. Mdogo wao alikuwa na miaka 86, na mkubwa 96. Walikuwa dhaifu sana. Wakapewa zoezi la kuinua uzito kwa miguu mara tatu kwa juma, kwa majuma 8, na uzito ukaongezwa kadiri walivyoweza. Mmoja hakumaliza. Wale 9 waliomaliza, nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Maana yake ni kwamba aliyeweza kuinua kilo 10 mwanzoni, mwishoni aliweza kuinua kilo 27 hivi.

Haya hayasemi kwamba mtu wa miaka 90 atarudi kuwa kijana. Yanasema kwamba msuli wa mzee bado unasikia. Ukipewa kazi, hujibu. Ukinyimwa kazi, hulala.

4. Mfano wa karibu nasi

Hatuna haja ya kwenda Boston tu. Kaskazini ya uwanda wetu huu wa kati, kandokando ya Ziwa Eyasi, wako ndugu zetu Wahadzabe, ambao wengi wao bado hupata sehemu ya chakula chao kwa kuwinda, kurina asali, kuchuma matunda na kuchimba mizizi. Katika miaka ya 1980 Kristen Hawkes na wenzake walikaa nao na kuhesabu saa ambazo kila mtu alitumia katika kazi. Waliloliona liliwashangaza. Bibi waliokwisha kupita umri wa kuzaa hawakuwa wakikaa kivulini wakingoja kulishwa. Walitumia saa nyingi kuliko mama vijana wakitafuta chakula, na hasa wakichimba mizizi katika ardhi ngumu kwa mti uliochongwa ncha. Wajukuu walioachishwa ziwa walitegemea sana mikono ya bibi hao.

Mwaka 2020 kundi jingine la wataalamu, likiongozwa na David Raichlen, lilitangaza jambo jingine juu ya Wahadzabe. Waliwapima wanavyokaa wanapopumzika. Walikuta kwamba watu wazima wa huko hupumzika karibu saa 10 kwa siku, muda usiopungua sana ule wa watu wa mijini huko Ulaya na Marekani. Tofauti ni jinsi wanavyopumzika. Sehemu ya muda huo huchuchumaa au hupiga magoti, na mtu akichuchumaa misuli ya miguu haijalala. Hufanya kazi kidogo kidogo. Mtu wa kochi amelala misuli yote.

Jambo hili si geni kwetu. Babu zetu hapa Ugogo walikaa juu ya kigoda kifupi. Kukaa na kuinuka kwenye kigoda mara 20 kwa siku lilikuwa zoezi, ingawa hakuna aliyeliita hivyo.

5. Dodoma imebadilika, na misuli yetu pia

Tukumbuke siha ya mama zetu ilitoka wapi. Uwele na mtama vilitwangwa katika kinu. Maji yalichotwa kisimani na kubebwa kichwani. Kuni zilitafutwa porini. Shamba lililimwa kwa jembe la mkono, na ng'ombe walichungwa kwa miguu. Mtu hakuuliza afanye mazoezi saa ngapi.

Tangu mwaka 1973 ilipoamuliwa Dodoma iwe makao makuu, na zaidi tangu mwaka 2016 Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa wingi, maisha ya mjini yamekuwa mengine. Maji yatoka bombani, kutoka visima vya Makutupora. Unga wanunuliwa dukani umekwisha kusagwa. Jiko ni la gesi. Kwenda sokoni Majengo, mwendo ambao zamani ulikuwa wa miguu, siku hizi ni bodaboda. Hakuna anayetaka kurudi kwenye taabu ya kutembea nusu siku kutafuta maji, wala somo hili halisemi turudi huko. Lakini kazi ile ilitulipa ujira mmoja bila sisi kujua, nao ni misuli. Sasa kazi imeondoka na ujira wake pia. Hapana budi tuutafute kwa njia nyingine.

6. Heshima inayodhoofisha

Sasa tuseme jambo ambalo huenda likatuuma kidogo. Kwetu sisi mtoto mwema ni yule anayempokea mzazi wake mzigo. "Mama, lete hiyo ndoo." "Baba, kaa, usisumbuke." "Bibi, nitakuletea maji hapo hapo ulipo." Maneno haya ni matamu, na yatoka katika moyo wa upendo. Lakini tukimwambia mzee "kaa" mara 30 kwa siku, miaka mitano mfululizo, tumemfanya nini? Tumemfanyia lile jaribio la kitanda, ila kwa ukarimu.

Wako na wazee wenyewe wanaodhani kwamba kuinuka kufuata kikombe cha maji wakati wajukuu wapo ni kujishusha. Hapo awali, mzee alipokuwa amefanya kazi shambani asubuhi kutwa, kuletewa maji ilikuwa haki yake. Leo, akiwa amekaa tangu asubuhi, kile kikombe chaweza kuwa ndiyo safari yake pekee. Asinyang'anywe.

Heshima haiko katika kumfanya mzee asiwe na kazi. Iko katika kumwachia kazi inayomfaa, kumtafutia kiti kisichoyumba, kumwekea mahali pa kushika karibu na choo, kumwashia taa usiku, na kumngoja bila kumharakisha anapoinuka mwenyewe.

7. Wazee wa namna mbili

Hata hivyo tusikosee. Hao tuliowataja ni namna moja ya wazee. Iko namna ya pili. Wako bibi wa miaka 70 ambao wanalea wajukuu peke yao, wanalima, wanabeba maji na kuni, wanauza mboga barabarani, kisha usiku wanalala na ugali na mlenda peke yake. Kumwambia bibi huyu afanye mazoezi ni kumdhihaki. Misuli yake haikukosa kazi. Imekosa chakula na mapumziko.

Maana msuli hukua kwa vitu vitatu pamoja: kazi, chakula na pumziko. Kazi hushtua nyuzi. Chakula huleta matofali ya kujengea. Na ujenzi wenyewe hufanyika wakati wa kupumzika. Kikikosekana kimoja, viwili vilivyobaki havitoshi. Mzee aliyekaa kutwa amekosa la kwanza. Bibi mwenye mizigo amekosa mawili ya mwisho. Wote wawili hudhoofika, lakini msaada wao si mmoja. Kwa wa kwanza, mpe kazi. Kwa wa pili, mpunguzie ndoo mbili na umpelekee maharage na mayai.

8. Jipime mwenyewe

Chukua kiti cha kawaida kisicho na mikono na kisichoyumba, ukiegemeze ukutani. Kaa. Kunja mikono kifuani. Mwambie mtu akuangalizie saa. Simama wima kabisa, kisha ukae. Fanya hivyo mara 5 kwa upesi uwezao bila kutumia mikono. Ukitumia zaidi ya sekunde 15, ni dalili kwamba nguvu za miguu zimepungua. Kipimo hiki hutumiwa na madaktari wa Ulaya wanaochunguza wazee, na kilithibitishwa tena katika mapatano yao ya mwaka 2019.

Usipoweza kusimama hata mara moja bila mikono, usikate tamaa. Maana yake ni kwamba zoezi la kwanza hapa chini ndilo litakalokufaa kuliko yote. Mtu wa kukushika awe karibu.

9. Mazoezi matano ya nyumbani

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kutia misuli nguvu angalau siku 2 kwa juma, na wenye miaka 65 na zaidi waongeze mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku 3 au zaidi. Kutembea ni kwema sana kwa moyo na mapafu, na mwongozo huo wataka dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa juma. Lakini kutembea peke yake hakutoshi kwa misuli.

(a) Kuinuka kitini. Kaa na kusimama mara 8 hadi 12. Kushuka kuwe polepole, kwa kuhesabu hadi tatu, usijibwage. Asiyeweza, aanze kwa kushika meza kwa mikono miwili, kisha mkono mmoja, kisha aache. Aliyezoea, atumie kigoda kifupi zaidi.

(b) Kusukuma ukuta. Simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja ukutani usawa wa mabega, kunja viwiko hadi kifua kikaribie ukuta, kisha jisukume nyuma. Mara 8 hadi 12. Hili ni kwa kifua, mabega na mikono, nayo ndiyo itakayokusaidia kujiinua kutoka kitandani.

(c) Kuinua visigino. Shika mgongo wa kiti. Simama juu ya vidole vya miguu, hesabu hadi tatu, shuka polepole. Mara 10 hadi 15.

(d) Kubeba dumu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo kila nyumba ina mizani na vyuma vya mazoezi tayari. Weka lita mbili katika kila dumu, shika moja kila mkono, tembea uani hatua 20 ukiwa umenyooka, pumzika, rudia. Ukizoea, ongeza nusu lita. Unapoinua dumu kutoka chini kunja magoti, usikunje mgongo.

(e) Kusimama mguu mmoja. Shika meza au ukuta. Inua mguu mmoja kidogo, hesabu hadi 10, badilisha. Kadiri unavyozoea, shika kwa kidole kimoja tu. Hili ni kwa ajili ya kutoanguka.

Fanya yote matano siku tatu kwa juma, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, ili kati yake kuwe na siku ya kupumzika. Anza kwa mzunguko mmoja. Baada ya majuma machache fanya miwili.

Iko kanuni moja inayoshinda zote: ongeza kidogo kidogo. Wagiriki wa kale walisimulia habari za Milo wa mji wa Kroton, aliyembeba ndama kila siku tangu alipozaliwa, hata ndama akawa dume kubwa na Milo akawa bado anambeba. Ni hadithi, lakini wafugaji tunaielewa maana yake. Katika miaka ya 1940 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliitumia kanuni hiyo hiyo kwa askari waliojeruhiwa, akiwaongezea uzito hatua kwa hatua, nao wakapona upesi kuliko kwa mazoezi mepesi yasiyobadilika. Ukiona umemaliza mara 12 na ungeweza kufanya nyingine 12, zoezi hilo limekuwa jepesi mno. Mara mbili tatu za mwisho ziwe ngumu kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

10. Chakula cha misuli

Misuli hujengwa kwa protini. Wataalamu wa afya ya wazee hushauri gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mzee wa kilo 60, basi, ahitaji gramu 60 hadi 72. Na hapa ni ajabu: mzee ahitaji protini zaidi kuliko kijana kwa kila kilo, maana mwili wake huitumia kwa shida, lakini nyumba nyingi humpa kidogo, kwa sababu meno ni mabaya au hamu ya kula imepungua.

Tuhesabu vyakula vyetu. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kikombe kikubwa cha maziwa, gramu 8. Kikombe cha maharage yaliyopikwa, gramu 15. Gao moja la karanga, gramu 7 au 8. Dagaa wakavu wa gramu 20, gramu 12 hivi. Hata unga wa mtama una gramu 10 hivi katika kila gramu 100. Kwa hiyo mzee anayekunywa uji wenye maziwa na karanga zilizosagwa asubuhi, akala ugali kwa maharage mchana, na ugali kwa dagaa au yai jioni, amekaribia kufika bila kununua nyama. Asiye na meno asagiwe karanga na kupondewa maharage. Mlenda ni mwema, lakini usiwe peke yake, utiwe karanga. Yafaa pia protini igawanywe katika milo yote ya siku.

Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kumwuliza daktari.

11. Tahadhari

Kabla ya kuanza, mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo kubwa la damu, ngiri, au aliyevunjika mfupa au kupasuliwa karibuni, apate ushauri wa daktari. Katika hospitali kubwa wako wataalamu wa fiziotherapia, ambao kazi yao ni hii hasa. Omba kupelekwa kwao.

Usizuie pumzi unapoinua kitu. Toa pumzi unapotia nguvu. Kuumwa kidogo misuli siku moja au mbili baada ya zoezi ni kawaida. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au maumivu makali ya ghafula katika kiungo si kawaida. Acha mara moja, na ukamwone daktari. Usifanye ukiwa na homa. Vaa viatu visivyoteleza, na akina mama wafunge kanga vizuri isije ikakanyagwa.

Na kwa wanaouguza: mgonjwa akiruhusiwa na daktari, mketisheni, mumshushe miguu, mumsimamishe kando ya kitanda, hata mara tatu kwa siku. Kila siku ya kulala bure ni deni ambalo miguu italilipa baadaye.

12. Kwa watu wa makamo

Aliye na miaka 40 au 50 leo asidhani somo hili si lake. Misuli ni kama ghala la nafaka katika nchi yetu hii ya mvua chache. Aliyejaza wakati wa mavuno huvuka kiangazi. Aliyeanza na ghala nusu hupata njaa mapema. Mtumishi wa Serikali hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, na wengi hupanga nyumba, shamba na kiinua mgongo. Wachache hupanga miguu itakayowapeleka shambani humo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi

1. Katika nyumba yako, ni kazi gani ndogo ambazo wazee wamenyang'anywa kwa upendo? Ni ipi waweza kuwarudishia juma hili?

2. Katika mtaa wenu, ni bibi au babu gani anayebeba mizigo kupita nguvu zake? Kikundi chaweza kumpunguzia nini, na kumpelekea chakula gani?

3. Choo cha nyumbani kwako na cha kanisani vina mahali pa kushika? Nani atapigilia mti au chuma, na lini?

4. Wazee wajipime kwa kuinuka kitini mara 5, na sekunde ziandikwe. Baada ya majuma 8 ya mazoezi wajipime tena. Wasilinganishwe wao kwa wao; kila mtu ajilinganishe na jana yake.